Mwalimu wa Walimu: Habari za Wazee Waliowalea Walimu Wetu

Bismillahi Rahmani Rahim

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ni desturi ya vyama, vinapoadhimisha miaka ya kuundwa kwao, kuhesabu vitu vinavyoonekana kwa macho: misikiti iliyojengwa, vyumba vya shule vilivyoezekwa mabati, viwanja vilivyotolewa wakfu, na picha za wazee waliokaa mstari wa mbele. Desturi hiyo ni njema, wala hatuitii kasoro. Walakini iko kazi nyingine ambayo haikuwekewa jiwe la msingi wala haikukatiwa utepe. Nayo ni kazi ya walimu wakongwe ambao, baada ya kuacha kufundisha watoto, walirudi tena darasani, wakakaa kwenye benchi la nyuma, wakamtazama mwalimu kijana anavyofundisha, kisha wakamwita kando, wakamwonyesha palipopungua na kumsifu palipokuwa pema.

Katika kurasa hizi nataka kueleza habari za kazi hiyo, tangu mwanzo wa Uislamu katika nchi hii ya Uganda mpaka leo. Mwenye kuzifuata ataona jambo moja likirudi mara kwa mara: kila mwalimu alipokuwa na mwalimu wake, elimu yetu ilisimama, na kila mnyororo huo ulipokatika, kuta za shule zilibaki, lakini elimu ilipwaya.

ASILI YAKE KATIKA DINI NA MILA

Kwetu sisi Waislamu jambo la mwalimu kuwa na mwalimu si geni, wala hatukulipata kwa Wazungu. Twajua kwamba Malaika Jibrili alikuwa akimjia Mtume (S.A.W.) kila mwaka katika mwezi wa Ramadhani, wakadurusiana Kurani, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wake waliidurusu mara mbili. Ikiwa yeye aliye mbora wa walimu alikuwa na wa kumsikiliza, ni nani katika sisi atakayesema kwamba amekwisha kujua? Kadhalika Nabii Musa, aliyekuwa mwalimu wa taifa zima, alifunga safari ya mbali kumtafuta mja aliyejuzwa mambo ambayo yeye hakuyajua, akakubali kumfuata kama mwanafunzi. Kisa hicho kimo katika Sura ya Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa.

Wazee wa pwani waliishika njia hiyo. Katika vyuo vyao vya Kurani, mtoto alianza kwa alifu kwa kijiti, akapanda juzuu kwa juzuu hata akahitimu. Lakini aliyehitimu hakukabidhiwa chuo siku ile ile. Aliwekwa kwanza kando ya mwalimu mkubwa, akawasikiliza wadogo wakisoma kwenye mbao zao, naye mwalimu mkubwa akamsikiliza yeye anavyowasikiliza. Herufi ikitoka pasipo mahali pake, na msaidizi asishtuke, mwalimu mkubwa alijua kwamba sikio la msaidizi lingali changa. Hivyo ndivyo ualimu ulivyorithiwa: si kwa cheti, bali kwa kukaa karibu.

Na hata wanavyuoni wakubwa hawakutoka katika kanuni hiyo. Unguja iliwahi kuwa na masheikh wawili walioangaza Afrika Mashariki yote: Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860, na Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861. Sheikh Abdallah alikuwa na wanafunzi wake tele na madrasa yake mwenyewe mtaani Ukutani. Walakini, ijapokuwa alikuwa mkubwa kwa umri, hakuona haya kukaa mbele ya Sayyid Ahmad na kujifunza kwake. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Wanafunzi wao, na wanafunzi wa wanafunzi wao, ndio waliojaza vyuo vya pwani na kupeleka elimu bara.

Mmoja katika waliokuja baada yao alikuwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), ambaye Waislamu wengi wanamjua kwa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka kamili mwaka 1969. Watu wachache hukumbuka kwamba, kabla ya kuwa Kadhi, alikuwa mwalimu wa skuli Unguja tangu mwaka 1933, na kwamba baada ya miaka mingi darasani alipewa kazi ya kusimamia wenzake, na baadaye kuwafundisha dini walimu waliokuwa wakijiandaa kwa kazi hiyo. Huyu alikwisha kula vumbi la chaki mwenyewe; alipomwambia mwalimu kijana neno, halikuwa neno la kusoma kitabuni tu.

MNYORORO ULIVYOFIKA UGANDA

Uislamu uliingia Buganda katika zama za Kabaka Suuna wa Pili, mwaka 1844, kwa mkono wa wafanya biashara waliotoka pwani, na Ahmed bin Ibrahim ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kumsomea Kabaka habari za Mwenyezi Mungu. Mwanawe, Mutesa wa Kwanza, alijifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu, akafunga Ramadhani tangu mwaka 1867, na akaamrisha watu wa baraza lake wajifunze. Vijana waliokuwa watumishi wa jumba la Kabaka wakasoma, na waliotangulia wakawasomesha waliofuata.

Kisha ukaja msiba wa mwaka 1876. Vijana Waislamu walikataa kula nyama ya mnyama aliyechinjwa na asiyetahiriwa, Kabaka akaghadhibika, na wapatao 70 wakauawa kwa moto Namugongo. Tunawakumbuka kama mashahidi, na hiyo ni haki yao. Lakini tukumbuke pia kwamba hao walikuwa wasomaji wa kwanza, yaani wale ambao wangekuwa walimu wa walimu kwa miaka 40 iliyofuata. Pigo moja liliondoa kizazi kizima. Baadaye vikaja vita vya dini vya mwaka 1888 hadi 1890, Waislamu wakashindwa na kukimbilia Bunyoro, na waliporudi walipewa sehemu ndogo tu ya nchi, ambayo Butambala ndiyo inayojulikana zaidi.

Mpaka leo katika Buganda neno mwalimu, lililotoka katika Kiswahili, watu hulitumia kwa mtu wa dini wa Kiislamu wa kijijini, anayesalisha, anayesomesha watoto na kuzika maiti; mwalimu wa shule ana jina lake jingine la Kiganda. Neno hilo ni ushahidi wa heshima, lakini ni ushahidi wa upweke pia. Mwalimu yule wa kijiji, baada ya misiba tuliyoitaja, mara nyingi alibaki peke yake kilimani pake. Alichokipokea alikifundisha, alichokipokea kwa kosa alikifundisha kwa kosa, kwa kuwa hapakuwa na mkubwa wa kupita na kumsikiliza.

SHULE ZA KISASA NA UPUNGUFU WETU

Serikali ya Kiingereza ilipoanza kuangalia elimu kwa nguvu katika miaka ya 1920, shule nyingi zilikuwa tayari mikononi mwa misheni, na fedha za serikali zilipitia huko. Wazee wetu waliogopa watoto wao wasije wakabadilishwa dini, wakawazuia. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, lakini matokeo yake yalikuwa mazito: asiyesoma shule hakuwa mwalimu wa shule, na penye walimu wachache hapapatikani walimu wakongwe.

Katika zama hizo hizo nchi ya jirani, Kenya, ilianza mpango ambao yafaa tuujue. Mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazo lake lilitoka Marekani, ambako bibi mmoja Mwafrika wa huko, Virginia Randolph, mwalimu wa shule ndogo katika jimbo la Virginia, alipewa mwaka 1908 kazi ya kuzizungukia shule za wenzake na kuwasaidia walimu wao. Mshahara wake ulitoka katika mali iliyotolewa na Bi Anna Jeanes. Kabete walichaguliwa walimu waliokwisha kufundisha kwa miaka, wakaja pamoja na wake zao, wakasomeshwa, kisha wakapelekwa kila mmoja kuzunguka shule za vijiji na kuwaongoza walimu wake. Hawakupelekwa kuchukua mahali pa mwalimu, bali kusimama ubavuni mwake. Lakini kwa kuwa wengi wa waliochaguliwa walitoka katika shule za misheni, faida ya mpango huo iliwafikia Waislamu kidogo sana.

Wazee wetu wa Uganda hawakukaa wakilia. Mwaka 1944 kikaundwa Chama cha Elimu ya Waislamu wa Uganda, na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu (1907–1991) akawa nguzo yake. Kilima cha Kibuli, alichorithi kwa baba yake Nuhu Mbogo, kikawa kilima cha msikiti na shule. Mwaka 1945 ikaundwa Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na Aga Khan wa Tatu akaahidi kuongeza paundi kwa kila paundi ambayo Waislamu wangeichanga. Kwa njia hiyo misikiti na shule nyingi zilisimama, na Kibuli kikapata pia chuo chake cha ualimu.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili: paundi huongezwa kwa paundi kwa siku moja, lakini mwalimu mkongwe haongezwi kwa siku moja. Huchukua miaka 20 kumpata. Kwa hiyo shule zetu nyingi zilifunguliwa na vijana waliotoka chuoni juzi, wakiongozwa na vijana waliotoka chuoni mwaka uliotangulia. Walijitahidi sana, Mungu awalipe. Walakini mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na vijana hao hawakuwa na mhunzi wa kumvukutia.

MNYORORO ULIVYOKATIKA TENA

Ilipofika miaka ya 1960, kizazi cha kwanza cha walimu wetu kilikuwa kinaanza kukomaa. Lakini mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, na pamoja nao waliondoka walimu wengi wenye ujuzi, wakiwamo Waislamu waliokuwa wakifundisha katika shule za mijini. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, Waislamu wengi waliteswa kwa dhambi ambazo hawakuzitenda, na watu wa Nile Magharibi kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Vita viliendelea mpaka mwaka 1986. Mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata sabuni, na wengi waliacha chaki wakashika biashara ndogo. Katika miaka ile karibu nusu ya walimu wa shule za msingi nchini walikuwa hawakupata mafunzo ya ualimu. Lau tungeuliza wakati huo, nani amlee mwalimu huyu, jibu lingekuwa kimya.

MWAKA WA 1993

Kwa rehema za Mungu, mwaka 1993 uliingiza mambo mawili, moja la serikali na moja la Waislamu wenyewe, na yote mawili yalisimama juu ya wazo lile lile la wazee wa pwani.

La serikali lilitokana na tume iliyoongozwa na Profesa William Senteza Kajubi, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1989. Baada ya hapo ukaanzishwa mpango wa kuwaendeleza walimu, na vyuo vya ualimu vilivyoteuliwa kuwa vyuo vikuu vya mpango huo, Kibuli kikiwa kimoja chao, vikapewa kazi ya kutazama shule za nje. Kila chuo kiligawiwa vituo, na kila kituo kikawekwa mwalimu mratibu, mtu aliyetoka darasani mwenye miaka ya kazi, akapewa pikipiki na shule za kuzizungukia, mara nyingi zaidi ya kumi. Nchi nzima ilipata vituo zaidi ya 500. Mpango huo ulikuja kwa wakati wake, kwa sababu mwezi wa Januari 1997 elimu ya msingi bila ada ilianza, na watoto wa shule wakapanda kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja.

Mwandishi wa maneno haya alikuwa mwalimu kijana mwaka ule, na darasa lake lilijaa watoto zaidi ya 100, wengine wamekaa chini mpaka mlangoni. Siku moja alikuja mzee mmoja mratibu, kofia yake ya kufuma kichwani na vumbi la njia kwenye kanzu. Nikadhani amekuja kuhesabu makosa yangu. Akakaa nyuma, kati ya watoto, muda wa somo zima. Kengele ilipolia hakuniambia nimekosea. Aliniuliza, "Mwalimu, wale watoto 3 wa pembeni, leo wamesema neno gani?" Nikanyamaza, kwa kuwa sikujua hata majina yao. Akasema, "Kesho nitafundisha mimi, nawe ukae pale nyuma pamoja nao." Kesho yake aliwagawa watoto makundi 10, akaweka mkubwa mmoja katika kila kundi, na wale 3 wa pembeni wakasoma kwa sauti. Niliyoyaona siku ile nikiwa nimekaa kwenye sakafu sikuyaona kwa miaka 2 ya chuo cha ualimu. Mzee yule amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu.

Jambo la pili, la Waislamu wenyewe, lilianzia Mombasa. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya, walipoona watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, walimwomba Aga Khan awasaidie. Likapatikana wazo la kutumia madrasa, mahali ambapo wazazi walikuwa wanapaamini tayari, pawe pia mahali pa kumwandaa mtoto kwa shule, bila kupunguza Kurani yake. Kazi ya kuanzisha ilishikwa na Bi Swafiya Said, aliyekuwa mwalimu, ambaye alikwenda mtaa kwa mtaa kuzungumza na masheikh na akina mama mpaka wakakubali. Shule ya kwanza ilianza mwaka 1986. Mwaka 1990 mpango ukafika Unguja, na mwaka 1993 ukafika Kampala. Baadaye shule hizo katika nchi 3 zilipita 200.

Yatupasa kutazama namna ya kazi yao, kwani ndani yake mna funzo letu. Mtaa au kijiji kiliunda kamati, kikatoa chumba, kikawachagua wasichana na akina mama wa hapo hapo kuwa walimu; wengi wao hawakuwa na elimu kubwa. Wakufunzi wakawafundisha, kisha hawakuwaacha. Kwa muda wa miaka 2 hivi mkufunzi aliwatembelea walimu hao mahali pao pa kazi, mara kwa mara, akakaa nao darasani, akatengeneza nao vifaa vya kufundishia kwa vizibo vya chupa, mbegu, udongo na maganda ya migomba, akashauriana nao jioni juu ya somo la kesho. Na wakufunzi wenyewe, baada ya miaka kupita, baadhi yao walitoka katika walimu wale wale waliolelewa mwanzo. Aliyekuwa akitazamwa akawa mtazamaji. Hivyo mnyororo ukajiunga wenyewe, na wataalamu waliowapima watoto wa shule hizo waliwaona wako mbele ya wenzao waliobaki nyumbani.

TOFAUTI YA MKAGUZI NA MLEZI

Watu wengine huchanganya kazi hii na ukaguzi. Mkaguzi ni lazima awepo, nasi hatumdharau. Yeye hulinda kanuni na mali ya umma. Lakini mkaguzi huja siku moja, huandika, huondoka, na mwalimu kijana siku ile huvaa nguo yake nzuri na kuficha udhaifu wake. Mlezi hafanyi kazi mpaka aonyeshwe udhaifu. Kwa hiyo sharti la kwanza la mlezi ni siri: alilolisikia darasani asilipeleke barazani. Sharti la pili ni uchache wa maneno. Mwalimu aliyeambiwa makosa 10 kwa siku moja hurekebisha 0. Aliyeambiwa moja hurekebisha moja, na juma lijalo la pili. Sharti la tatu ni kwamba mlezi akubali kufundisha mbele ya mwanafunzi wake, naye aonekane akikosea. Sharti la nne ni kurudi. Ziara moja ni ugeni. Ziara kumi ni malezi.

Tuseme kweli pia juu ya wazee wetu. Si kila aliyefundisha miaka mingi anaweza kulea walimu. Wako waliofundisha mwaka mmoja wakaurudia mara 30. Wako wenye kuamini kwamba elimu haiingii ila kwa bakora, ilhali sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni, na wengi wetu tunajua watoto waliokimbia chuo kwa sababu ya fimbo na hawakurudi tena. Mzee wa namna hiyo akipewa mwalimu kijana, atamrithisha maradhi yake. Basi hata mlezi sharti aandaliwe, aelezwe mitaala mipya, na aulizwe kwanza kama yu tayari kujifunza. Asiyekubali kuwa mwanafunzi hafai kuwa mwalimu wa walimu, kama tulivyoona kwa Nabii Musa na kwa Sheikh Abdallah Bakathir.

HALI YETU NA WAJIBU WETU

Mnyororo umepata mshtuko mwingine katika siku zetu. Kwa ajili ya maradhi ya korona shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020, na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Walimu wa shule za watu binafsi na za jumuiya, zikiwamo zetu nyingi, walikaa muda huo bila mshahara. Wengine walifungua vibanda, wengine wakaendesha bodaboda, na wengi hawakurudi. Waliochukua nafasi zao ni vijana wapya kabisa. Tena sera ya taifa ya walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada ya chuo kikuu. Hilo ni jambo jema, na Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 kina sehemu yake katika kulitimiza. Lakini shahada haimkai mwalimu kijana ubavuni siku yake ya kwanza mbele ya watoto 80.

Na tazameni upande wa pili. Mwalimu wa serikali hustaafu akifika miaka 60. Katika kila mtaa wetu wapo wanaume na wanawake waliofundisha hesabu, Kiingereza, Kiarabu na dini kwa miaka 30 na zaidi, ambao sasa hukaa barazani wakingoja adhana. Hatuwaiti ila siku ya hitima au siku ya kupiga picha. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hawana budi kuwapo mahali neno linapoharibikia, yaani darasani.

Kwa hiyo, katika maadhimisho haya, naomba jambo ambalo halihitaji mfadhili wa mbali. Kila msikiti wenye shule au chuo cha Kurani uandike majina ya walimu wastaafu walio karibu nao, wanaume na wanawake. Kila shule ichague wawili au watatu wenye subira na ulimi mzuri. Kila mmoja apewe walimu vijana wawili, si zaidi, awatembelee mara moja kwa juma kwa mwaka mzima. Jamaa walipe nauli yake na wamwekee chai. Walimu wa vyuo vya Kurani wasisahauliwe, kwani wao ndio wapweke kuliko wote. Na akina mama wapewe nafasi yao kamili, kwa kuwa tumeona kwamba mlango wa madrasa za watoto ulifunguliwa na mwanamke.

Huenda mtu akauliza, mzee huyu atapata nini? Tumjibu kwamba mwalimu anayefundisha watoto 50 ana thawabu za watoto 50. Anayemtengeneza mwalimu mmoja, ambaye naye atafundisha kwa miaka 30, hesabu yake anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Na elimu yenye kunufaisha, tumefundishwa, haikatiki kwa mauti.

Wale vijana wa mwaka 1876 hawakupata kuzeeka, kwa hiyo hawakupata kulea walimu. Sisi tumepewa wazee. Tusiwaache wazikwe na ujuzi wao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu walimu wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na awape vijana wetu masikio ya kusikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.